Kopo la Grisi la Fundi Kadenge

Kila alasiri, shule ikifungwa, Nyamvula hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye kiwanda cha ushirika wa akina mama pale Mjambere, akavua viatu vya shule, akakalia gunia la mbata, zile nazi zilizokaushwa, na kufungua daftari lake la hesabu. Lakini hesabu zenyewe alizifanya kwa jicho moja tu. Jicho la pili lilikuwa kwa fundi Kadenge.

Na nani angemlaumu? Kadenge alikuwa na raha yake ya kufanya kazi. Kabla ya kuwasha kinu cha kukamua mafuta ya nazi, alikizunguka chote, kitambaa safi begani na bomba la grisi mkononi. Alipanguza kila tundu la kutilia grisi, akachomeka bomba, akaminya taratibu huku akizungumza na kinu chake. "Haya, bibi, fungua mdomo. Leo mbata ni nyingi, usinitie aibu mbele za watu." Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyamvula alikuwa gredi ya saba, na alikuwa hajawahi kumwona mtu mzima akiipenda kazi yake namna ile. Moyoni alikwisha kuamua kwamba naye atakuwa fundi wa mashine.

Basi muhula huo mambo yakaharibika. Beringi za kinu, zile pete za chuma zinazoshika mhimili ili uzunguke bila kusuguana, zilianza kupata moto. Kadenge akatia grisi. Kesho yake moto ukazidi. Akatia nyingine, tena kwa wingi. Wapi! Kinu kikawa kinalia kama mbuzi aliyefungwa juani, na grisi ikachuruzika chini ikiwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kadenge alipungua mwili kwa mawazo.

Ubaya ni kwamba haya yalizuka wakati kampuni moja ya sabuni na vyakula kule Changamwe imekubali kununua mafuta yao yote mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja tu: mkaguzi aje kwanza aone mashine zinavyotunzwa na kutiwa grisi. Akiridhika, ushirika umepata soko. Asiporidhika, akina mama warudi kuuza mafuta kwa vichupa kando ya barabara.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Mama Mweri, mamake Nyamvula. Mchapakazi hasa, hilo hakuna abishaye, lakini ulimi wake, lo, haukuwa na breki!

"Kadenge, wewe waongea na mashine badala ya kuitengeneza," alimwambia mbele ya wote. "Mkaguzi akitukataa, siku hiyo hiyo tafuta kazi kwengine."

Kadenge aliinamisha kichwa. Ana watoto wanne, na mkubwa wao husoma darasa moja na Nyamvula. Nyamvula aliona uchungu.

Siku ya ukaguzi ilipofika, wote walitazamia bwana mmoja mnene mwenye tai. Akashuka mwanamke mwembamba, ovaroli ya samawati, mtandio umefungwa vizuri kichwani, viatu vizito vya kazi miguuni. Jina lake Bi Ummulkheir.

"Shikamoo, mama," Nyamvula alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kisha akaanza kazi, na Nyamvula akasahau daftari, akasahau na njaa. Bi Ummulkheir hakuwa na haraka wala makeke. Aliweka ncha ya nondo nyembamba juu ya beringi na ncha ya pili sikioni, akafumba macho akasikiliza, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Alipima joto. Alilala chali sakafuni, ovaroli safi vile, akachungulia chini ya kinu. Kila alichokiona alimuuliza Kadenge kwa heshima, akangoja jibu mpaka mwisho.

"Nimekagua viwanda vikubwa vikubwa," alisema akijifuta mikono, "na wallahi ni vichache ambavyo matundu ya grisi yamepanguzwa safi hivi. Anayesema mtu huyu ni mvivu, hajaangalia."

Mama Mweri akakohoa kidogo.

"Sasa nionyesheni grisi yenyewe."

Kadenge akaleta kopo lake kutoka stoo, na jingine jipya ambalo halijafunguliwa. Grisi zote mbili zilikuwa na rangi ya samli, huwezi kuzitenga kwa macho. Bi Ummulkheir alichota kidogo hapa na kidogo pale, akazipaka juu ya kigae, kila moja upande wake, kisha akakiweka kigae juu ya beringi iliyo moto. Ile mpya ikatulia mahali pake. Ile ya kopo la zamani ikalegea, ikatiririka mpaka ukingoni. Akainusa.

"Humu mna grisi mbili zilizochanganywa," alisema. "Grisi hutengenezwa kwa namna nyingi, na kuna zisizopatana. Zikikutana, huyeyuka zikatoka zote, chuma kikabaki kusuguana na chuma. Fundi akiona moto huongeza grisi hiyo hiyo, na akiongeza, azidisha maradhi. Tena hii ya pili si ya kutumiwa penye chakula, kabisa. Kopo hili liliwahi kutoka humu ndani?"

"Halijatoka hata siku moja," akadakia Mama Mweri.

Kadenge naye akatikisa kichwa. Hakujua lolote, maskini, na uso wake ulionyesha.

Lakini Nyamvula alijua. Mwanzoni mwa muhula, Kadenge alipokwenda Kaloleni kwenye mazishi, jirani yao Mzee Stambuli mwenye mashine ya matofali aliishiwa na grisi, akaja kuazima. Mama Mweri akampa kopo la Kadenge likiwa nusu. Baadaye Nyamvula ndiye aliyetumwa kulifuata, akalikuta limejaa pomoni. "Mwambie mamako ahsante," Mzee Stambuli alisema kwa furaha. "Chombo cha jirani hakirudi kitupu." Mama alifurahi sana, akaliweka kopo mahali pake, na Kadenge aliporudi hakuna aliyemwambia; alipolikuta limejaa alidhani ushirika umemnunulia nyingine. Ilikuwa adabu tu, kama watu wanavyorudishiana sahani za futari. Nani angedhani adabu ingeua kinu?

Nyamvula alimtazama mama, na mama alikuwa akimtazama yeye. Jicho lile kila mtoto analijua. Lilisema: thubutu!

Akamtazama na Kadenge, aliyekuwa amelishika kopo lake kwa mikono miwili, akiligeuza geuza asielewe alikosea wapi. Hapo Nyamvula akasimama.

"Niwie radhi, mama," alimwambia mamake kwa sauti ndogo. "Kopo lilitoka. Mimi ndiye niliyelirudisha kutoka kwa Mzee Stambuli, na alikuwa amelijaza grisi yake. Mjomba Kadenge alikuwa Kaloleni. Hana makosa."

Waliokuwa wakikatakata mbata waliacha mikono hewani. Mama Mweri alijishika shavu, kisha akamwendea Kadenge.

"Ni kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Nililiazimisha kopo lako bila kukwambia. Na sasa hivi nimesema uwongo nikakuachia mzigo wangu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha, Mama Mweri," alijibu Kadenge, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Bi Ummulkheir hakuwapitisha siku ile. Aliwaambia wazime kinu, wafungue beringi zote, waoshe mpaka grisi ya zamani iishe, na mafuta yaliyokamuliwa tangu kopo liliporudi wasimuuzie mtu kwa kula. Tena aliwapa utaratibu. Grisi ya kinu iwe na kopo lake na bomba lake, vyote vyenye alama ya kijani, vikae chini ya ufunguo. Mtiaji awe mmoja, na atie kwa kipimo, si kwa huruma. Mzee Stambuli alipopata habari alikuja mbio akijipiga kifua kwa majuto, akashinda nao akiosha vyuma. Nyamvula alizipaka alama zile za kijani mwenyewe, na rangi nyingine ikampata kwenye sketi.

Mkaguzi aliporudi, kinu kilikuwa kinanguruma kwa upole. Aliweka kiganja juu ya beringi, akakiacha hapo, akatabasamu. "Masha'Allah. Fundi Kadenge, kinu chako kimepona. Nitawaambia Changamwe waanze kununua." Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka barabarani, na Kadenge akabebwa juu juu kama bwana harusi.

Kelele zilipotulia, Bi Ummulkheir alimgeukia Mama Mweri. "Niambie kweli. Siku ile nilipoondoka, ulimpiga mtoto?"

"Sikumpiga. Lakini nilinuna, sikufichi. Nikajiuliza, mtoto gani huyu wa kumuumbua mamake mbele za watu?" Mama Mweri alimvuta Nyamvula ubavuni pake. "Kisha nikakumbuka ni nani aliyemfundisha kusema kweli. Ni mimi, tangu alipoanza kutamka. Ukimfundisha mtoto kweli, usimchagulie wa kumwambia. Iko siku atakwambia wewe, na siku hiyo umshukuru."

Akamgeukia binti yake, mbele ya akina mama wote, akasema, "Ahsante, Nyamvula."