Upande wa Pili wa Santuri

Maiti ilikuwa imekaa. Ndivyo Alinanuswe, mfagiaji wa ukumbi wa dansi wa Iyunga, alivyoikuta Jumatatu asubuhi: imeegemea spika nyuma ya jukwaa, suruali ya bugaluu imetanda sakafuni, kiatu kimoja cha raizoni, chenye soli nene, mguuni na cha pili kando.

"Ulimgusa?" aliuliza Inspekta Edmund Kalinga.

"Nimguse ana nini, baba? Nilimsalimu, akanyamaza. Nikajua msanii kanuna, nikampa shikamoo. Mimi, bibi wa wajukuu saba, nampa shikamoo mtoto yule! Ndipo nikaiona damu."

"Hapo hukumkosea, mama. Kwa sasa yeye ndiye mkubwa wetu sote."

Kalinga alikuwa mtu wa mzaha hata mbele ya maiti. Miaka ishirini ya kazi ilimfunza kwamba asipocheka mchana hatalala. Lakini asubuhi ile mzaha ulikoma hapo, maana marehemu alimjua. Mbeya nzima ilimjua. Alikuwa Liberatus Mgaya, mwimbaji wa Radi Sita, bendi ya vijana waliopiga roki mpaka mabati ya ukumbi yakaombewa dua. Jana yake, Jumapili, walikuwa wamepiga bugi la mchana, na watu wakatawanyika jua likizama.

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glavu.

"Pigo moja kisogoni. Kitu kizito chenye kichwa cha mviringo. Rungu, kwa mfano. Amekufa jana, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku."

"Alipigana?"

"Mikono haina hata mchubuko. Alimpa mtu mgongo bila wasiwasi."

Koplo Yudith Sanga alipiga magoti, akamulika chini ya ngoma kubwa, akatoa kitu kwa leso. "Afande, tazama."

Ilikuwa bangili ya shaba, nyembamba, imelika upande mmoja kwa kuvaliwa miaka mingi.

Kalinga aliiangalia, na jambo la kuaibisha likatokea: alifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya mwanafunzi aliyepata hesabu. Nadharia yake ilikuwa kweli.

Nadharia yenyewe ilihusu wimbo. Tangu mwaka ule wa sabini na sita uanze, Nyanda za Juu zote zilikuwa na wimbo mmoja:

*Bangili tatu za Igawa, zagongana gizani,*
*mkono wako shavuni mwangu, mwenye mji kasafiri,*
*siku tisa umenificha, barabara ikanisahau.*

Wapenzi wa Radi Sita hawakulala. Huyo mwanamke ni nani? Wasichana wa sekondari walijiapiza kila mmoja kwamba ni yeye, ingawa Igawa hawakuwahi hata kuipita. Vinyozi walisema ni muuguzi. Mwalimu mmoja alieleza kwa muda wa vikombe vitatu vya chai kwamba bangili ni mikoa mitatu na barabara ni maendeleo. Liberatus mwenyewe akiulizwa alicheka tu.

Ndipo siku moja, kantini, Kalinga akawafunza watu upelelezi. "Nyinyi mnabuni, mimi nina ushahidi," alisema. "Pale Igawa kuna mgahawa wa Ngolo, yule Msukuma mfuga ng'ombe. Mke wake akikumiminia chai, bangili tatu za shaba zinalia. Mume kila mara yuko mbugani Usangu na mifugo. Mwenye mji kasafiri! Mnataka nini tena, picha?" Watu walicheka mpaka wakagonga meza. Mtu akamwagizia bia.

Sasa aliitia bangili kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika tarehe.

"Tunakwenda Igawa," alisema.

Mgahawa ulikuwa wazi, lakini benchi zote tupu. Madereva walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, wanatazama. Nyamizi, mke wa Ngolo, alitoka jikoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba. Mkononi bangili mbili.

"Ya tatu iko wapi, mama?"

"Mume wangu aliivua jana asubuhi. Aliivua kwa nguvu." Alionyesha mchubuko kwenye kiganja. "Akasema anakwenda kumwonyesha mwenyewe."

"Akarudi lini?"

"Leo alfajiri, na lori la mbao. Akaweka rungu lake mlangoni, akakaa. Hakula. Akaniuliza, 'Wimbo ule ukiwa mzima unasemaje?' Nikamwambia mimi sijui wimbo wowote. Akapanda lori la Iringa. Alisema kuna duka la Wahindi linalouza santuri."

Yudith alikuwa ameshalichukua rungu. Kwenye ufa wa kichwa chake damu ilikuwa imeingia na kukauka.

Kalinga alivuta benchi. "Nyamizi, ulimjua Liberatus tangu lini?"

"Simjui."

"Siku tisa alikaa hapa."

"Lini?"

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza wewe, Afande, maana nyinyi mjini ndio mnaojua." Hakupaza sauti. "Mimi nimeolewa mwaka wa sabini na mbili, nimetoka Kahama. Mama mkwe alikufa mwaka uliofuata. Kwetu mama akifa, bangili zake huvaliwa na mke wa mwanawe mkubwa. Hazivuliwi. Nimezivaa miaka mitatu. Hata ningetaka kuzificha zisilie, ningezifichaje? Kila dereva anayekunywa chai hapa sasa ananiimbia. Mmoja aliniuliza, siku ya kumi ni ya nani?"

  Katika nadharia yake nzuri Kalinga aliuliza nani, akauliza wapi. Hakuuliza lini.

"Atanirudisha kwetu," alisema Nyamizi. "Na watoto atawabakiza. Ndicho ninachoogopa, Afande. Sina kingine."

Walilala Nyololo, wakaingia Iringa Jumanne asubuhi. Duka la Himmat lilikuwa na ubao wa santuri mlangoni. Nyuma ya kaunta alisimama binti yake, Leela, aliyezaliwa mji uleule na Kalinga na aliyejua kumsalimu Mhehe.

"Kamwene, Afande. Nilijua mtakuja. Mmechelewa kidogo tu."

"Amekimbia?"

"Yuko uani. Mama anampa chai. Tangu jana jioni ameketi pale, baba akaogopa kumfukuza na mama akakataa afukuzwe."

Kalinga aligusa mkanda wake wa bastola. Leela akatikisa kichwa.

"Hamtaihitaji hiyo. Aliingia akasema, 'Nipigie wimbo wa Igawa, mpaka mwisho.' Nikampigia upande wa kwanza. Akasema, 'Huu nimeusikia. Mwisho wake.' Nikamwambia, kaka, wewe ni mteja wa kwanza kuniomba huo. Nikaigeuza santuri."

"Igeuze na mimi nisikie."

"Afande, si uliinunua hapa Februari? Ulikuja likizo."

Ni kweli. Santuri ilikuwa nyumbani kwake Mbeya. Wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, basi ukakatwa katikati kama mkate. Upande wa kwanza ndio wenye maneno ya kubishania na mdundo wa kuchezea. Ndio uliopigwa katika baa zote kuanzia Tunduma. Jukwaani nako, kufika hapo, magitaa yalishika kazi, watu wakapagawa, na mwimbaji hakusikika tena. Upande wa pili wa santuri yake Kalinga haukuwa na hata mkwaruzo.

Leela aliweka sindano. Gitaa moja tu, na sauti ya Liberatus, bila kelele:

*Ukanisagia mizizi, ukaninywesha uji,*
*ukaniita mwanangu, mimi nisiye na mama,*
*mwanao akirudi na ng'ombe, mwambie ana ndugu.*

Yudith alitazama ukutani. Santuri iliendelea kuzunguka bila wimbo, inakwaruza.

Leela alifungua droo, akatoa barua. Liberatus alikuwa akimwandikia kuhusu mauzo, na siku moja akamwandikia habari hii. Kalinga alisoma akiwa amesimama. Mwaka wa sitini na nane, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, Liberatus alidandia lori akiwa na homa kali. Dereva aliogopa asimfie, akamteremsha porini kando ya barabara, karibu na Igawa. Mama mmoja Msukuma, mjane, alimbeba mpaka nyumbani kwake, akamtibu siku tisa. Macho yalikuwa yameziba kwa homa. Alichokumbuka ni bangili zake zikigongana kila alipomgeuza. "Nilirudi mara mbili kumshukuru," aliandika, "nikakuta watu wote wamehamishiwa vijijini na mji wake ni majani matupu. Jina lake sikulishika. Basi nimetunga wimbo. Yeye au mwanawe atausikia, watanitafuta."

Kalinga aliikunja barua. Mwana aliusikia. Akamtafuta.

Uani, Ngolo aliketi kwenye ngazi, shuka begani, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Taraben, mama yake Leela, alisimama mlangoni akimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Wewe ni Ngolo mwana wa Seni?"

"Ndiye."

"Unajua kwa nini tumekuja?"

"Nimewangoja."

Kalinga alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote na atakalosema litaandikwa. Ngolo aliitikia kwa kichwa. Yudith akafungua daftari la maelezo.

"Mwaka ule wa homa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Miezi mitatu njiani. Niliporudi mama aliniambia, 'Umepata ndugu, Mungu akipenda atarudi.' Nilicheka. Nilidhani uzee. Nikasahau." Alijifuta uso kwa shuka. "Nimesahau maneno ya mama yangu, nikashika ya madereva."

"Eleza ya Jumapili."

"Nilimngoja nyuma ya ukumbi mpaka watu waishe. Nikamwonyesha bangili. Nikasema, unaijua hii? Nilitaka akatae, Afande. Angekataa ningerudi nyumbani. Hakukataa! Aliishika kwa mikono miwili, akacheka kama mtoto. Akasema, 'Zilikuwa tatu. Nimezitafuta miaka minane.' Mimi ningesubiri aseme nini tena?"

"Ukampiga."

"Alinirudishia bangili, akageuka kuchukua gitaa. Akasema, 'Kaa, kaka, nikupigie mpaka mwisho.' Kaka! Niliona ananidharau. Rungu likainuka. Akawa ameinama, anauliza, 'Mama hajambo?' Na rungu lilikuwa tayari njiani, Afande. Halirudi."

 Taraben alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha dukani tu.

"Bangili ilinidondoka. Niliogopa kuitafuta. Njia nzima nikajiuliza: mama gani? Ndiyo maana nikaja hapa."

"Sasa jibu jambo moja," alisema Kalinga.  Angeweza kuliacha swali hilo. Rungu lilikuwepo, bangili ilikuwepo, na maungamo. "Madereva wamekuimbia miezi mitano. Kwa nini uliamini Jumapili?"

"Sikuamini. Maneno ya walevi yanapita na lori. Nilimwambia mke wangu, wacha waimbe. Lakini Jumamosi akaja mmoja, utingo, akasema, 'Hili si la walevi tena. Kuna Inspekta Mbeya amelithibitisha. Aliwaeleza watu kantini, akataja mgahawa wako, akataja bangili, akasema ana ushahidi.' Nikafikiri sana usiku huo. Polisi hasemi bila kuchunguza. Kama serikali imejua, mimi nimebaki najificha nini?"

Kalamu ya Yudith ilisimama. Alimtazama mkubwa wake, kisha akateremsha macho kwenye karatasi.

"Afande, hili niliandike?"

"Kama alivyosema."

"Jina la Inspekta hakulitaja."

Ngolo aliinua uso. "Sikuambiwa jina."

Kalinga alivua kofia, akaiweka kwenye ngazi kando ya kikombe. "Andika, Koplo. Edmund Kalinga. Mimi nitaandika maelezo yangu baadaye, kama shahidi."

 Ngolo hakutukana. Ingekuwa nafuu kama angetukana. Alinyoosha tu mikono mbele, na Kalinga akamfunga pingu mwenyewe.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, saa ya malori kupumzika, Kalinga alisimama katikati ya mgahawa wa Igawa akiwa na sare kamili. Safari hii benchi zilikuwa zimejaa. Kifo cha mwimbaji kilileta wateja. Aliwasomea barua ya Liberatus yote. Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyemtaja mke wa Ngolo, kwamba hakuwa na ushahidi wowote, na kwamba mwanamke huyu hajawahi kumwona marehemu. Hakuna aliyecheka. Madereva waliangalia vikombe vyao. Mmoja baada ya mwingine wakatoka, injini zikanguruma.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mtoto mgongoni.

"Umesema vizuri," alisema. "Waliosikia leo ni kumi na wanne. Nimewahesabu. Wale wengine waliosikia yale ya kwanza utawapatia wapi?"

"Nitasema kila nitakapopita."

"Utapita wapi mwenyewe, Afande, wakati barabara inafika Zambia?"

Kalinga aliirudisha barua mfukoni.

"Bangili yangu itarudi lini?"

"Kesi ikiisha."

"Ni ya mama yake. Usiipoteze."

Akachukua birika, akammiminia chai, maana mgeni ni mgeni. Kalinga aliinamisha kichwa akisikiliza. Ziligongana mbili tu.