Jezi Namba Moja Imerudishwa

Saa tano kasorobo asubuhi, siku ya Jumapili, kipa aitwaye Sumaku aligundulika hayupo.

Jina lake halikuwemo tena kwenye kikosi, na mahali pake palikuwa na neno moja tu: "Amestaafu." Aliyeligundua hilo ni mwenye kipa mwenyewe, mkunga mstaafu wa miaka sitini na sita, mwanachama wa Ligi ya Vitini kwa wiki tatu. Hakulalamika mbele ya ligi nzima. Alimpigia simu fundi saa.

"Fundi," alisema, "kaka yangu ameondoka tena."

Ligi ya Vitini ni ligi ya mpira usio na mpira. Kila mwanachama hubuni mchezaji mmoja, humpangia mazoezi ya wiki kwenye fomu, na kila Jumapili saa kumi kamili jioni kompyuta huchezesha mechi zote. Wenyewe husoma matokeo dakika kwa dakika, kila mtu kwenye kiti chake, akipiga kelele peke yake. Mke wa fundi saa huiita ligi ya watu wanaoogopa jasho. Fundi saa mwenyewe ndiye mwenye meza ya mapokezi. Mgeni akijiunga, humwandikia barua ya kumkaribisha, humpa neno la siri la kuanzia, na humtafutia mlezi wa kumwelekeza. Barua zake zote huisha vilevile: "Ukikwama, uliza. Hapa hakuna swali la kijinga."

Fomu ya kujiunga huuliza kwa nini umechagua jina hilo, na majibu husomwa na meza ya mapokezi peke yake. Mkunga alikuwa ameandika kwamba Sumaku lilikuwa jina la utani la kaka yake, aliyedakia timu ya shule na kufariki kabla ya kutimiza miaka thelathini. Leo ndiyo ingekuwa mechi ya kwanza ya Sumaku kuanza.

"Hukubonyeza kitu kwa bahati mbaya, mama?"

"Mwanangu, nimezalisha watoto elfu tatu na sikumwangusha hata mmoja. Leo nishindwe na kitufe?" Kisha sauti yake ikanywea. "Kama huko kwenu watu hufanyiana hivi, mimi nitawaaga. Siwezi kumzika mtu mmoja mara mbili."

Fundi saa aliisogeza kando saa ya mkono aliyokuwa ameifungua juu ya meza ya jikoni. Moyo ulimuuma, maana yeye ndiye aliyemwambia mama huyu kwamba hapa ni nyumbani.

Saa tano na dakika tano alimpigia Mtambo. Huyo ni fundi wa lifti ambaye ndiye huiendesha kompyuta ya ligi, na lakabu ilimganda tangu hapo. Mtambo alimsomea kumbukumbu bila haraka.

"Saa nne na dakika kumi na moja, jezi namba moja imerudishwa. Saa nne na dakika kumi na nne, mchezaji amestaafishwa. Neno la siri limekubali mara ya kwanza."

"Basi mrudishe."

"Siwezi. Umemsahau yule jamaa wa msimu wa tisa? Alimstaafisha mchezaji wake mwenyewe, akalia ameibiwa, akapewa pointi mpya za kubuni mwingine. Tangu hapo sheria ni moja: aliyefanya akiri mwenyewe kabla ya mechi. Ikifika saa kumi faili linafutika, na hapo hata mimi sina dawa."

Mkunga hakuwa amebadilisha neno la siri. Alisema lile alilopewa ameshalizoea. Wengine waliolijua walikuwa wanne, na fundi saa akawaandika nyuma ya bahasha: yeye mwenyewe, mpwa wa mkunga, meneja wa timu, na mlezi. Wawili wa mwisho hupata nakala ya kila barua ya mgeni wao.

Mkewe alichungulia begani. "Huyo wa kwanza simwamini," alisema, akaweka kikombe cha chai.

Saa tano na nusu alizungumza na mpwa, binti wa huyo kaka aliyefariki, ambaye sasa ni mama mtu mzima na anaishi na shangazi yake.

"Yuko chumbani, hata kula hataki," mpwa alisema. "Umemfanya nini shangazi yangu?"

"Ndilo ninalotafuta. Wewe ndiye uliyemfungulia akaunti?"

"Ndiyo."

"Ulilifurahia jina alilochagua?"

"Sikulifurahia. Yule ni baba yangu, Fundi. Alikufa nina miaka miwili. Shangazi amenilea miaka yote hii bila kumtaja, maana akimtaja analia. Halafu siku moja namkuta anaichekea kompyuta, 'Sumaku kadaka!' Nilimwambia baba yangu si mchezo."

"Kwa hiyo ukamtoa."

"Wiki ile ya kwanza ningeweza. Sasa siwezi. Tangu ameanza mambo haya, kila Jumapili ananisimulia. Ulijua baba alikuwa anadaka na glovu za bustani? Mimi nimejua juzi, na umri huu. Nikimfuta huyo kipa, nani atanisimulia?"

Fundi saa aliivuta bahasha karibu. "Saa nne na dakika kumi na moja jezi yake ilirudishwa. Ulikuwa wapi?"

"Sokoni, na muuza vitunguu shahidi. Jezi ipi lakini? Kumbe ana jezi pia?"

Akalikata jina lake. Saa sita na robo akampata meneja, ambaye ni msusi, huku mashine ya kukaushia nywele ikiunguruma nyuma yake.

"Nina kichwa cha mtu mkononi, sema upesi."

"Nasikia hukumtaka mgeni golini."

"Sikumtaka, sikatai. Kipa wa wiki tatu! Lakini mlezi wake alinishika miguu. Kaniandikia kurasa mbili: mpange Sumaku, ameiva, utanishukuru. Na kumbuka mlezi mwenyewe ndiye mwenye Komeo, kipa wa timu kwa misimu kumi na mmoja, tangu mimi sijajiunga. Mtu anamwombea mgeni nafasi yake mwenyewe! Nikaona haya, nikampanga. Kikosi nimekibandika leo saa tatu asubuhi."

"Wewe umeshawahi kustaafisha mchezaji?"

"Msimu uliopita, yule wangu wa kwanza. Nikalia mbele ya mteja."

"Jezi uliirudisha saa ngapi?"

"Kuirudisha vipi? Unabonyeza 'staafu' mara moja, jezi inarudi yenyewe."

Fundi saa alikata simu akaitazama ile saa iliyo wazi mezani. Kila fundi anayefungua saa huacha mkwaruzo wake ndani ya kifuniko, na fundi anayemfuata huujua mkono wa mwenzake. Katika misimu ya mwanzo mchezaji hakuweza kustaafu akiwa na jezi ya timu. Mwenyewe alipaswa kuirudisha kwanza, asubiri dakika tatu, ndipo astaafu. Utaratibu huo uliondolewa msimu wa sita, ingawa kitufe chake kimebaki chini kabisa ya ukurasa, na hakuna anayekigusa. Aliyemtoa Sumaku alikuwa mwizi wa kuvua viatu mlangoni.

Waliokuwemo kabla ya msimu wa sita, kwenye ile bahasha, walikuwa wawili. Mmoja ni yeye fundi saa, na saa nne na dakika kumi na moja alikuwa anaunga mguu wa kabati huku mkewe akimsimamia.

Mlezi alikuwa mpiga chapa mstaafu, akiishi peke yake ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, ng'ambo ya mji. Fundi saa aliwahi kumtengenezea saa ya ukutani, kwa hiyo mlango aliujua. Neno kama hili hakutaka kulisema kwa simu; alipanda mabasi mawili, akabisha hodi saa tisa na dakika tano.

"Karibu, karibu," mzee alisema, lakini macho yalikwepa.

Chumba kilikuwa safi: kiti kimoja, kompyuta moja, kitanda kimetandikwa. Ukutani, kwenye karatasi nzito na ndani ya fremu, palikuwa na barua ya kumkaribisha mkunga.

"Mzee, umetundika barua ya mtu."

"Ni barua nzuri. Nilitaka kuiona imechapwa."

"Jezi uliirudisha ya nini?"

"Huwezi kumwondoa mchezaji na jezi ya timu mgongoni, huo ni utovu wa..." Akaishia hapo.

"Hilo halihitajiki tangu msimu wa sita. Hata meneja halijui. Wageni ndiyo kabisa."

Mpiga chapa alikaa kitandani taratibu, akamwachia mgeni kiti.

"Nilimfundisha vizuri mno," alisema mwishowe. "Usidhani nilimwombea kwa hila. Yule mama anasikiliza, na kipa wake aliiva kweli. Leo nikafungua kikosi. Misimu kumi na mmoja jina la kwanza ni Komeo. Nikalitafuta, nikalikuta chini, benchi. Mkono ukatangulia akili."

"Unajua Sumaku ni nani?"

"Kipa wa yule mama."

"Ni kaka yake. Marehemu."

Mzee alifunika uso kwa viganja. "Sikujua. Wallahi sikujua. Mimi nilimuuliza mambo ya mazoezi tu." Kisha akaonyesha ile barua ukutani. "Mimi nilipoingia nilisalimia kwenye ukurasa wa ligi. Msimu wa kwanza. Hakuna aliyejibu, mpaka leo. Nikasema basi, Komeo akidaka watanijua. Asipodaka, nani atajua kama nipo?"

Meza ya mapokezi fundi saa aliianzisha msimu wa saba, na hakuwahi kufikiria waliotangulia. Akamgeuzia mzee kompyuta.

"Andika, baba. Saa inakwenda."

Mpiga chapa aliungama mbele ya ligi nzima saa tisa na dakika thelathini na nane. Dakika kumi baadaye Mtambo akamrudisha Sumaku golini, na kwa kosa hilo akamfungia Komeo mechi tatu. Wapo waliotaka mzee afukuzwe. Fundi saa alimpigia mkunga akamweleza yote, pamoja na ile salamu isiyojibiwa. Mkunga alimsikiliza hadi mwisho.

"Asifukuzwe," alisema. "Na mlezi wangu abaki yuleyule. Hiyo salamu yake ipo bado?"

Timu ilifungwa mbili kwa moja. Lakini dakika ya themanini na nane Sumaku alipangua penalti, na mpwa alipiga ukelele uliomleta jirani mlangoni.

Saa kumi na mbili jioni, chini kabisa ya kurasa za ligi, salamu ya kale ilipata uhai. Ilikuwa imeandikwa hivi: "Habari zenu. Mimi ni mpiga chapa. Nimeleta kipa anaitwa Komeo. Sijui nianzie wapi."

Chini yake sasa palikuwa na jibu la mkunga: "Karibu sana, kaka. Na mimi mgeni. Ukikwama, uliza. Hapa hakuna swali la kijinga."

Dakika tatu zikapita. Kisha mzee akaandika: "Ahsante, dada. Nisamehe. Nianzie wapi?"

"Anza na lile goli la pili," mkunga akajibu. "Niambie kaka yangu alikosea wapi."