Cheti cha Ildefonsi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vero alianika kahawa uani huku kaka yake, Jovin, akimenya ndizi za mchana. Nyumbani aliitwa Vero, lakini shuleni aliitwa Costansia. Mwaka jana alianguka mtihani wa darasa la saba. Baba yao, Mzee Kaijage, akamtafutia nafasi katika shule nyingine, kijijini Kimuli, kwa jina la msichana aliyehama na wazazi wake, maana aliyeanguka hakuruhusiwa kurudia darasa. Mwalimu akiita, "Costansia!" Vero alichelewa kuitika, na wenzake wakamcheka wakidhani ni mzito wa kusikia. Majirani walijua, wakanyamaza, maana wengine nao walikuwa wamefanya hivyohivyo.

Mzee Kaijage alijisifu kwamba ujanja huo ndio uliomfikisha Jovin alipo. Jovin naye alirudia darasa la saba kwa jina la mwingine, Ildefonsi, akafaulu mpaka akamaliza kidato cha sita. Sasa chuo kimoja cha Uturuki kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo bila ada. Alikuwa ameulizia kila kitu: mwaka wa kwanza angejifunza Kituruki, angehitaji koti zito, na lazima apimwe afya na apate pasipoti kabla ya mwezi kwisha.

Siku ya kufuata pasipoti mjini, Vero alikuwa likizo, akafuatana na baba na kaka yake. Ofisa, mama mmoja mwenye miwani, alizipanga karatasi mezani.

"Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa vinasema Jovin Kaijage. Barua ya chuo na vyeti vya shule vinasema Ildefonsi Mugisha. Anayesafiri ni nani?"

"Ni huyuhuyu, mama," alisema Mzee Kaijage. "Hilo lingine ni jina lake la shule."

Ofisa akatazama kompyuta yake. "Mzee wangu, Ildefonsi Mugisha yupo. Ana kitambulisho na picha yake, na si kijana huyu."

"Basi tule kiapo kwamba ni mtu mmoja."

"Hapana, Tata," Jovin alimwambia baba yake. "Nimechoka kuwa Ildefonsi."

Ofisa alimrudishia karatasi zake polepole. "Pole, mwanangu. Pasipoti nitakupa kwa jina lako, lakini chuo hakikumwita Jovin."

Jovin alilia njia nzima, mwanamume mzima, bila kujificha. Alikiandikia chuo barua kueleza ukweli. Jibu lilikuwa la mistari miwili: nafasi imefutwa.

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu Salvina, mwalimu wa darasa la Vero, aligawa fomu za usajili wa mtihani. Vero alishika kalamu asiandike neno. Wenzake walipotoka, akamfuata mwalimu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Costansia. Fomu yako iko wapi?"

"Mimi si Costansia. Mimi ni Veronika Kaijage." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Mwalimu Salvina alimsogezea kiti. "Unajua kwamba utaondoka shuleni hapa?"

"Najua, mwalimu. Lakini kaka yangu ana miaka ishirini na mmoja, na hana hata cheti kimoja cha shule chenye jina lake."

Jioni hiyo mwalimu alifika nyumbani kwao. Hakuficha kitu. Vero angejaribu mtihani wa kujiunga na sekondari moja ya kanisa, kwa jina lake. Jovin angeanza na mtihani wa maarifa, ule unaomruhusu asiye shuleni kufanya wa kidato cha nne, kisha kidato cha nne chenyewe, kisha cha sita, kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Miaka minne hivi, ukijitahidi," alimwambia Jovin. "Hapo ndipo utaomba tena vyuo vya nje. Njia ya mwongo ni fupi, Mzee Kaijage."

Mzee Kaijage aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

"Wanangu, nisameheni," alisema mwishowe. "Nilitaka mfike mbali upesi, nikawanyang'anya majina yenu. Mtu akianguka mtihani, aanguke kwa jina lake, na ainuke kwa jina lake. Kufaulu kwa jina la mwenzako ni kumsomea mwenzako."

Jovin akapangusa macho kwa kiganja, akamgeukia mwalimu.

"Huo mtihani wa maarifa," aliuliza, "hufanyika mwezi gani?"