Betri ya Loth na Upepo wa Jua

Loth wa Chome, kijiji cha mlimani, alikuwa mkulima wa maharage, mtu mwema, ila mbishi! Mkewe, Asteria, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo wa pili ilikuwa lazima azaliwe hospitali, huko Same. Uchungu ukianza, nesi Eliakunda angeita gari kwa redio ya zahanati. Simu hazikuwepo mlimani.

Jumanne asubuhi redio ikatoa mvumo tu. Shhhh!

"Betri imekufa," alisema Loth.

"Imechajiwa juzi tu," alisema nesi.

Wapi! Chome redio ikigoma, kosa ni la betri. Loth akajitwisha betri, akateremka nayo kwa miguu hadi Same. Shingo ilimuuma kwelikweli.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Aminieli, fundi wa hospitali.

"Marahaba." Fundi akaipima betri. "Pole, baba. Umebeba mzigo bure. Hii ni nzima."

"Basi redio ni mbovu?"

"Hapana. Ni jua."

Loth akacheka. "Jua? Si linawaka kama jana?"

"Jua hutoa upepo. Si huu wa kupeperusha kanga. Ni chembe ndogo mno zenye umeme. Sauti ya redio hugonga juu angani, ndipo irudi chini kwenu. Upepo wa jua ukivuruga huko juu, sauti hupotea." Akamwonyesha karatasi. "Wataalamu hulitazama jua kila siku. Kompyuta inakadiria upepo utafika lini. Mwingine mkali unatarajiwa Alhamisi. Lakini ni makadirio, kama ya mvua."

Loth akaacha kucheka. Uchungu ukianza Alhamisi, nani ataita gari? Aliogopa sana.

"Usingoje redio," alisema Aminieli. "Kesho gari la chanjo linapanda Chome na kurudi. Rudisha betri, mteremshe mama. Hapa kuna nyumba ya wajawazito."

Wakafanya hivyo. Alhamisi mchana Asteria akashikwa na uchungu. Daktari alikuwa karibu. Mtoto akatolewa salama, na Loth mbishi akalia mbele za watu. Huko Chome redio ilivuma kutwa nzima, na betri yake nzima.

Jumamosi redio ikafunguka. Loth akaita kutoka hospitali:

"Chome! Mwambieni mama yangu, ni wa kike!"

"Mungu mkubwa!" alijibu Eliakunda. "Mama yako alikuwa hali, halali!"

Tangu siku hiyo nesi humuuliza Aminieli kwa redio makadirio ya upepo wa jua na kuyaandika ubaoni. Loth huyasoma kila akipita. Mwezi uliopita alibisha hodi kwa jirani yake, Anaeli, ambaye mkewe alikaribia kujifungua.

"Jua linachafuka Ijumaa," alisema. "Usingoje redio. Mteremshe mama leo."