Kichupa cha Pili

Saa nne asubuhi jokofu la maabara lilianza kunuka nywele zilizoungua, na fundi maabara, bwana mjuaji aliyedhani koti jeupe ndiyo akili yenyewe, akamlaumu mfagiaji.

Humo ndimo zilimohifadhiwa chembe za damu za mshonaji mmoja mwenye ugonjwa wa seli mundu. Zilirekebishwa jeni, akarudishiwa mwilini, na miaka thelathini ya mifupa kuuma ikakoma. Alipokuwa akilia wodini, fundi alimbandika jina la Bibi Maigizo. Siku ya kutolewa damu, mshonaji aliuliza, "Mnachukua vichupa vingapi, kaka?"

"Kimoja. Weka sahihi hapa."

Fundi alichukua viwili. Cha pili alikitaka kwa utafiti wake, apate cha kujidai mikutanoni. Na kwa kuwa maabara ile haikuhifadhi kichupa kisicho na mwenyewe, akakibandika lebo yenye jina lake. Alijiona mjanja kweli, mpumbavu yule.

"Mwanangu," mfagiaji alimnong'oneza, "humo ndani kuna mtu anakuita. Jina lako kamili."

"Mama, kapige deki."

Lakini naye alisikia: kucha zikikwaruza chuma, taratibu. Akafungua mlango, na katikati ya vichupa vilivyoganda barafu akakiona kimoja kinatoka jasho, chenye joto la mwili, kikipanda na kushuka kana kwamba kinapumua, na kabla hajarudi nyuma sauti ikamjia sikioni, ya upole, ya mtu aliyechoka na safari, ikisema, "Kwa yule dada nilikaa miaka thelathini wakanifukuza, nikawa sina pa kwenda, mpaka niliposoma lebo."

Maumivu yakamwingia mapajani, yakapanda mgongoni, akaanguka akilia kwa sauti ileile aliyokuwa akiiigiza wodini kuwachekesha wenzake.

Daktari alimpima. "Damu yako safi kabisa. Acha kujiliza, bwana." Wauguzi wakatazamana, wakabana vicheko. Fundi alikiteketeza kichupa, kesho yake kilikuwa palepale, lebo haibanduki.

Siku ya tatu, jua la mchana likiwaka, alijikokota hadi kibandani kwa mshonaji, akamkuta anakanyaga cherehani, mashavu yamejaa.

"Dada, nakuomba," alinong'ona. "Kulikuwa na kichupa cha pili. Sema tu ni chako, kitu hiki kirudi kwako. Nyinyi wawili mmeshazoeana."

Ndivyo alivyosema. Hakuomba hata msamaha.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Mifupa yake iliyakumbuka yale maumivu, akaogopa. Kisha hofu ikaipisha hasira.

"Nilikuuliza vingapi, ukasema kimoja. Kimoja changu nimesharudishiwa. Hicho kingine kina jina la nani?"

Fundi alifungua mdomo adanganye, kama kawaida yake, lakini sauti iliyotoka kifuani mwake haikuwa yake, na kibanda kizima kikajaa harufu ya nywele zilizoungua wakati ilipotaja jina lake lote, herufi kwa herufi, kama lilivyoandikwa kwenye lebo.

Mshonaji akakata uzi kwa meno.

"Pole, kaka," alisema, kama yeye alivyoambiwa wodini miaka yote. "Kunywa maji mengi. Na usikae kwenye baridi."