Bomba Ambalo Halikufunguliwa

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kiranja alisimama mlangoni mwa darasa la sita akigawa kazi. Jina lake halisi lilikuwa limeanza kusahaulika. Tangu achaguliwe kuongoza darasa, hata mpishi wa shule alimwita Kiranja. Wewe fagia. Wewe futa ubao. Ninyi wawili, ndoo.

Kazi ya ndoo ndiyo iliyochukiwa. Bomba la shule lilikuwa limekauka siku nyingi, na kisima kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, tena chenye foleni. Aliyetumwa huko alirudi somo la kwanza, yaani hisabati, likiwa limekwisha. Kiranja mwenyewe hakuwahi kubeba ndoo. Mgawa kazi atajipangiaje kazi? Ndivyo alivyoona yeye. Mara nyingi alimtuma rafiki yake, msichana aliyeitwa Kinanda kwa sababu hakukaa bila wimbo mdomoni. Kinanda alikuwa na nguvu, na hakujua kukataa.

Siku moja mwalimu mkuu alitangaza kwamba mtafiti wa elimu angefika kuwauliza wanafunzi wanavyosoma.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lakini asituone watu wa ovyo."

Mtafiti huyo alikuwa shangazi yake Kiranja, dada wa baba yake, aliyeishi mji mwingine. Kiranja alivimba kichwa. Siku ya ugeni alihakikisha mapipa yamejaa maji pomoni, kisha akawapitia wenzake.

"Mkiulizwa habari ya maji, semeni bomba linatoka kila siku. Mnataka shangazi yangu aseme tunasoma jangwani?"

"Lakini halitoki," alisema Kinanda.

"Kwani kusema kunakugharimu nini?"

Mgeni akafika, akauliza habari ya maji. Darasa zima likasema bomba linatoka. Shangazi akapewa kikombe cha maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Muhula uliofuata alikuja kumsalimu kaka yake, na mkononi alikuwa na kitabu chembamba, kipya, cha uchumi wa elimu, chenye jina lake juu ya jalada. Baba alikipokea kama anayepokea yai.

"Haya, dada, tufafanulie sisi tusiojua uchumi."

"Si uchumi wa kutisha, kaka. Mtoto akiwa kwenye foleni ya maji, anapoteza somo. Somo lililopotea lina bei, ila bei yenyewe hailipwi leo. Italipwa atakapokuwa mtu mzima asiyejua hesabu. Nimewaandikia wakubwa wa halmashauri kwamba tangi la maji ni nafuu kuliko masomo yanayopotea, nao wamekubali. Kesho kutwa wanapitisha shule zitakazopewa matangi."

"Na yetu, shangazi?" aliuliza Kiranja.

"Ninyi mna bahati, bomba lenu linatoka. Fedha za umma ni shuka fupi, mwanangu. Ukivuta kichwani, miguu inabaki nje. Lazima tuanze na wenye shida."

Kiranja alimkumbuka Kinanda. Wiki hiyo hiyo Kinanda alikuwa ameambiwa kwamba akishindwa hisabati atarudia darasa, na tangu siku hiyo hakuimba. Kiranja aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya shule. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Shangazi, bomba halitoki," alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kusema linatoka. Sikutaka utudharau."

Baba alifungua kinywa, lakini shangazi alimzuia kwa mkono. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Vaa viatu. Twende."

"Na chai je?" aliuliza baba.

"Chai itatungoja."

Uwanjani mwa shule shangazi alizungusha koki ya bomba. Bomba lilikohoa, likatema vumbi na buibui mmoja mwenye haraka.

"Kosa lako umelisema," alisema shangazi. "Langu nitalisema mimi. Niliuliza kila mtu habari za bomba hili, nisinyooshe mkono kulifungua."

Kwenye kikao cha halmashauri alisimama mbele ya wakubwa, akasema kitabu chake kina kosa, akaomba wasubiri akazikague shule upya. Ofisa mmoja alicheka. "Kumbe hata wataalamu hukosea?"

"Hukosea," alijibu. "Ndiyo maana hurudi kuangalia."

Walimkubalia. Alizunguka shule zote akifungua mabomba kwa mkono wake, akakuta nyingine mbili zilizoficha ukame wao vilevile. Wakati huo Kiranja alijipanga kwenye zamu ya ndoo, na Kinanda akabaki darasani. Mabega yalimuuma Kiranja, na ndipo alipojua alichokuwa akimtwisha mwenzake. Mitihani ilipokwisha, Kinanda alikuwa amefaulu, si kwa kishindo, lakini amefaulu. Nyimbo zikarudi, na mwalimu wa hisabati akaanza tena kulalamika.

Shule yao ilipopewa tangi, shangazi alikuja kuliona. Aliingia darasa la sita, mwalimu mkuu akiwa pembeni yake.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia wanafunzi. "Uongo wenu ulinifurahisha mimi, lakini aliyeulipia ni aliyebeba ndoo. Mtu anayetaka kukusaidia akikuuliza hali yako, mweleze ilivyo, hata kama inakuaibisha. Haya, nini kingine kinakosekana shuleni hapa?"

Mwalimu mkuu alikohoa. Darasa likamtazama, kisha likamtazama Kiranja.

Kiranja akasimama. "Mlango wa choo cha wasichana haufungiki, shangazi."

Shangazi aliweka kalamu mezani bila kuandika neno.

"Nipeleke nikajaribu kuufunga mwenyewe."