Kansa Iliyopita Pembeni

Walijuana katika soko la Kasongo, siku pikipiki ya Ismaël ilipomrushia tope Rachida pamoja na vitenge anavyouza. Msichana yule mrefu, kitambaa cha manjano kichwani, hakupiga kelele. Alimpa kitenge kimoja na kipande cha sabuni.

"Fua. Hapa hapa, mbele ya batu."

Akafua, watu wakicheka. Tangu hapo Ismaël hakubanduka kwake.

Kansa ya titi ilipomkamata Rachida, posa ilikuwa imekwisha kupokelewa. Ismaël, anayebeba abiria hadi Kabambare na Salamabila, ndiye aliyemfuatia vidonge. Uvimbe ukanywea. Halafu ukarudi, mgumu kuliko mwanzo. Mama yake Ismaël akataka ndoa ingoje. Naye Ismaël, mpumbavu huyu, akapiga simu kutoka Salamabila kuuliza swali baya kuliko yote:

"Chérie, uliacha kumeza dawa?"

"Miye? Nimeimeza nikitapika, nimeimeza nikilia! Unaniita muongo? Usinipigie tena!"

Simu ikakatika. Ismaël akarudi Kasongo moja kwa moja kwa Daktari Emilienne, anayemtibu Rachida.

"Hakuacha hata siku moja," alisema daktari. "Sikia. Ndani ya seli kuko protini zenye kupitisha ujumbe: kueni, gawanyikeni. Za kansere zinapitisha bila kusimama. Dawa ilifunga protini moja. Seli zikapitisha ujumbe kwa ingine."

Ismaël akakumbuka barabara. Wenye piki wakikuta kamba ya kizuizi imefungwa njiani, hupenya katika mashamba ya muhogo. Yeye mwenyewe alipenya huko asubuhi ile.

"Basi tufunge na kule pembeni, docta."

"Iko dawa ingine, Bukavu. Pamoja na ya kwanza inaweza kusaidia. Siahidi."

Sokoni alimkuta Rachida amevaa nguo nyekundu, wanja machoni, amependeza hadi inauma. Akapiga magoti matopeni mbele ya wauza samaki.

"Unisamehe, mupenzi. Nilikutwika kosa la kansere."

"Simama, unachafua suruali. Mama yako anasemaje?"

"Tungoje upone."

"Singoji!" Soko likageuka. "Kansere haikuniomba ruhusa, na miye sitaiomba ruhusa ya kuolewa. Ijumaa hii, na ngoma! Kisha unipeleke Bukavu nikiwa muke wako. Unaogopa?"

"Ninaogopa sana," alisema Ismaël, machozi yakimtoka.

"Hata miye. Ijumaa?"

"Ijumaa."

Rachida akainama chini ya meza, akatoa kitenge kile cha siku ya kwanza, ambacho hakuwahi kukiuza. Akamtupia begani, na sabuni juu yake.

"Fua. Ndicho nitakachovaa."